Kipato, Tabaka na Chama cha Siasa Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayojirudia kila tunapokaa na wananchi wa Arusha na Moshi katika mazungumzo ya elimu ya uraia, iwe kwenye ofisi ya kata, kwenye kikao cha vikoba au nje ya kanisa baada ya ibada. Wengi wanaouliza huja na jibu tayari, kwamba maskini hukifuata chama tawala kwa sababu ya njaa na mwenye nacho huufuata upinzani kwa sababu ameshiba, na wapo wanaoligeuza jibu hilo kichwa chini miguu juu. Majibu yafuatayo yanasimama juu ya hoja moja: kwa mtu wa miji hii miwili, kiasi cha kipato hueleza machache kuhusu chama anachokipenda, ilhali mlango ambao kipato hicho hupitia kabla ya kumfikia hueleza mengi.

Tabaka ni nini, na lina tofauti gani na kipato?

Kipato ni fedha au mazao anayopata mtu katika kipindi fulani. Tabaka ni nafasi yake katika uchumi: anamiliki nini, anamfanyia nani kazi, nani ana uwezo wa kumwondoa kwenye kazi hiyo, na mtoto wake ana nafasi gani ya kupanda. Mwalimu wa shule ya msingi na kijana wa bodaboda ya mkataba pale Ngarenaro wanaweza kushika fedha zinazokaribiana mwisho wa mwezi, lakini hawako mahali pamoja. Mwalimu ana mshahara unaojulikana tarehe yake, anakopesheka benki, na atastaafu na pensheni. Kijana wa bodaboda hupeleka hesabu kwa tajiri wake kila siku, na akiugua siku tatu deni linabaki palepale likimngoja. Kwa upande mwingine, mwalimu anaweza kuhamishiwa wilaya ya mbali kwa barua moja, jambo ambalo kijana yule haliogopi hata kidogo. Siasa za watu hawa wawili huanzia kwenye tofauti hiyo.

Katika nchi nyingine, je, maskini na matajiri huwa na vyama vyao?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ndiyo, hasa Ulaya. Uingereza, chama cha Labour kilizaliwa mwaka 1900 kwa nguvu ya vyama vya wafanyakazi, na kwa miongo mingi mchimba makaa ya mawe aliyekipigia chama pinzani cha Conservative alionekana kama mtu aliyewasaliti wenzake. Katika miaka ya 1960 msomi wa Marekani, Robert Alford, alitunga kipimo rahisi cha hali hiyo: chukua asilimia ya wafanyakazi wa mikono wanaovichagua vyama vya mrengo wa kushoto, yaani vinavyojinadi kuwatetea wafanyakazi, kisha toa asilimia ya wafanyakazi wasio wa mikono wanaovichagua vyama hivyohivyo, kadiri jibu linavyokuwa kubwa, ndivyo siasa za nchi hiyo zinavyofuata tabaka. Kipimo hicho kimeshuka katika nchi nyingi tangu wakati huo. Mwaka 2019 baadhi ya majimbo ya zamani ya wachimba makaa kaskazini mwa England yaliiacha Labour, na Marekani wenye shahada za vyuo wameelekea chama cha Democrats huku wazungu wengi wasio na shahada wakielekea Republican.

Kipimo cha Alford kingesumbuka sana kikiletwa Pasua ya Moshi au Unga Limited ya Arusha. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni asubuhi, analima kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa) cha mume wake mwishoni mwa wiki na kupangisha chumba kimoja uani, ni mfanyakazi wa mikono, ni mkulima au ni mwenye nyumba? Ni vyote vitatu, na kila kimojawapo kinamvuta upande wake.

Kwa nini Tanzania haikupata chama cha wafanyakazi kama cha Uingereza?

Kilikuwa njiani kupatikana, kikazimwa. Shirikisho la wafanyakazi la Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955, mwaka mmoja tu baada ya chama cha TANU, na vyombo hivyo viwili vilisaidiana katika kudai uhuru. Baada ya uhuru uhusiano huo ulipata ufa, kwa sababu viongozi wa wafanyakazi walitaka mishahara bora na haki ya kugoma, nayo serikali ikataka utulivu na uzalishaji. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, TFL lilivunjwa na mahali pake pakaundwa NUTA, chombo kimoja kilichofungamanishwa na TANU.

Naona tukio hilo lina uzito kuliko mengi yanayotajwa katika historia ya vyama vyetu. Tangu hapo mfanyakazi alifundishwa kwamba chama chake cha siasa na msemaji wake kazini ni kitu kimoja, na kwamba mwajiri wake mkuu, yaani serikali, ni wa familia hiyohiyo. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 hapakuwa na shirikisho huru lenye nguvu ambalo lingeweza kusimamisha chama chake, na vyama vipya vilijengwa na wanasheria, wafanyabiashara, wasomi na watu waliotoka CCM, chama tawala kilichorithi nafasi ya TANU. Neno «wafanyakazi» lilibaki kwenye nyimbo na mabango ya CCM, pamoja na jembe na nyundo vilivyo kwenye bendera yake.

Azimio la Arusha lilibadilisha nini katika jambo hili?

Lilifanya utajiri uwe swali la uanachama. Azimio lililotangazwa mjini Arusha tarehe 5 Februari 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi wa TANU au wa serikali awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Siku iliyofuata benki zilitaifishwa, na mwaka 1971 zikataifishwa nyumba kubwa za kupangisha.

Hapa kwetu masharti hayo yaliwagusa watu kwa namna ya pekee, kwa sababu Kilimanjaro na Arusha zilikuwa tayari na watu waliojenga kwa kahawa, wenye duka, lori au nyumba mbili za mabati mjini. Wengine waliachana na biashara ili wabaki na uongozi, wengine waliandika mali kwa majina ya ndugu, na wengine walichagua mali na kukaa kando ya siasa. Kundi hili la tatu lilikuwa ni watu wenye kipato na sauti katika vijiji vyao, lakini wasio na mahali ndani ya chama pekee kilichokuwapo. CCM ilipolegeza masharti hayo katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991, watoto wao walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima, na mwaka mmoja baadaye wakafunguliwa mlango mwingine, wa vyama vingi.

Kwa nini mikoa iliyo na nafuu ya kipato ndiyo iliyokuwa ngome ya upinzani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Kumbukumbu za kura ziko wazi. Mwaka 1995 Augustino Mrema, mzaliwa wa Vunjo aliyetoka CCM na kugombea urais kupitia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, alipata karibu asilimia 28 ya kura za nchi nzima, na mkoani Kilimanjaro alishinda kwa wingi mkubwa. Moshi Mjini iliwakilishwa bungeni na mfanyabiashara Philemon Ndesamburo wa chama kingine cha upinzani, Chadema, kuanzia 2000 hadi 2015. Arusha Mjini ilikuwa mikononi mwa Godbless Lema wa chama hichohicho kuanzia 2010 hadi 2020, akitanguliwa na miaka mingi ya CCM.

Ukitazama kipato peke yake utasema kwamba watu waliposhiba walianza kudai. Maelezo hayo yana kasoro moja kubwa: Kigoma si mkoa tajiri, nao umechagua wapinzani mara kadhaa. Kwa hiyo nafuu ya maisha haitoshi kuwa sababu.

Sababu ya Kilimanjaro naiona katika kahawa. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao cha kuuza kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichowafikisha wakulima sokoni bila kupitia kwa mnunuzi mmoja mmoja. Fedha za kahawa, pamoja na shule za misheni za Walutheri na Wakatoliki, zilisomesha watoto wengi, na zilimfundisha mkulima kwamba kipato chake kinatoka kwenye kihamba na kwenye chama alichokichagua mwenyewe. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na kuikabidhi kazi yao mamlaka ya zao. Mkulima wa Kibosho aliyekuwa akimwajibisha karani wa chama chake cha msingi alijikuta akisubiri malipo kutoka kwenye ofisi asiyoijua. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, lakini ulirudi ukiwa umedhoofika, na mwaka 1989 mfumo wa dunia wa mgawo wa mauzo ya kahawa ulivunjika na bei ikaanguka.

Katika mazingira hayo vyama vingi viliingia. Mkulima alikuwa na elimu, alikuwa na kumbukumbu ya chombo chake kilichochukuliwa, na kipato chake kilikuwa kimeshuka wakati huohuo. Vihamba vilikuwa vimegawanywa mpaka haviwezi kugawanyika tena, kwa hiyo watoto wake walishuka Moshi, Arusha na Dar es Salaam kufanya biashara, wakiishi kwa mtaji wao na bila mshahara wa mtu yeyote. Haishangazi kwamba Chadema kilianzishwa mwaka 1992 na Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu na waziri wa fedha aliyejiuzulu mwaka 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Chama hicho kilizungumza lugha ya soko na ya mtu kujitegemea, na kwa watu wa mlimani lugha hiyo haikuwa ngeni.

Wapo wanaosema kwamba yote haya ni ukabila tu. Siukatai mvuto wa mgombea wa nyumbani, Mrema aliufaidi. Lakini ukabila haumwelezi Mchaga wa CCM, naye yupo kila kata, wala haumwelezi Mwarusha, Mmeru, Mpare na Mrangi waliosimama kwenye mikutano ileile ya Chadema viwanjani Arusha.

Basi kila mwenye fedha Arusha ni mpinzani?

Hapana, na hapa hoja ya mlango inaonekana vizuri kuliko popote. Mwenye duka la vipuri anayenunua na kuuza kwa fedha zake hukutana na serikali kwenye kodi tu, na mara nyingi hukutana nayo akiwa na hasira. Mwenye kampuni ya utalii yenye magari kumi anahitaji leseni, vibali vya hifadhi na ukaguzi usio na mikwaruzo. Mkandarasi anahitaji zabuni ya halmashauri. Hawa wawili wa mwisho wana fedha kumzidi yule wa vipuri, na bado wao ndio wenye tahadhari zaidi. Utaona kofia ya kijani ya CCM kwenye gari wakati wa kampeni hata kama moyoni kuna jambo lingine. Anayewaongoza wageni mlimani, na mpagazi anayebeba mizigo yao, wanapokea kidogo lakini wanapokea kutoka kwa mgeni na kampuni, hivyo huzungumza kwa uhuru ambao bosi wao hana.

Wana-apolo, yaani wachimbaji wadogo wa tanzanite wa Mererani, ni mfano wa mbali zaidi: mchimbaji anayeishi kwa mgawo hulipwa pale jiwe linapotoka, na asubuhi yoyote anaweza kuwa hana kitu au kuwa na fedha za kununua nyumba Sakina. Kumwita mtu huyo maskini au tajiri ni kubahatisha.

Wamachinga, mama lishe na bodaboda wako upande gani?

Wako upande wa anayewaacha wafanye kazi, na upande huo umehama mara kadhaa. Kwa miaka mingi mgambo alipowakimbiza kandokando ya Soko Kuu, mbunge au diwani wa upinzani aliyesimama mbele yao alijipatia wapiga kura wa kudumu. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na ghafla mtu aliyekuwa akikimbia alikuwa na kadi ya kumwonyesha mgambo. Nimesikia wauzaji wa mitumba waliokuwa wapinzani wa damu wakimtetea rais kwa sababu ya kadi hiyo, na sikuwaona kama watu waliorubuniwa. Walikuwa wamepata walichokuwa wakikidai. Mwishoni mwa 2021 walipoondolewa barabarani na kupelekwa maeneo waliyopangiwa, ambako kwa baadhi yao wateja walikuwa wachache, shukrani ile nayo ilipungua.

Kundi hili likihesabiwa kama tabaka moja ndilo kubwa kuliko yote mjini, lakini halijawahi kuwa na chama chake, kwa sababu kila mmoja anapambana na tatizo lake kwa njia yake: huyu kwa mgambo, yule kwa mkopo wa kausha damu, mwingine kwa tajiri mwenye pikipiki.

Na mikopo ya halmashauri kwa wanawake na vijana?

Sheria ya 2018 inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni za walipa kodi wote, si za chama chochote. Hata hivyo fomu hupitia ofisi ya mtaa na kata, na mwanamke anayeomba hujiuliza kama kuonekana kwenye mkutano fulani kutamharibia. Woga huo, hata pale ambapo hauna msingi, hufanya kazi ya kampeni, na kiongozi wa mtaa mwenye nia njema anapaswa kuuondoa kwa kubandika ukutani majina ya waliopata na sababu za waliokosa.

Watumishi wa umma wanafuata nini?

Wanatarajiwa kukaa mbali na ushabiki, na wengi wanakaa kimya. Kimya hicho husomwa vibaya. Walimu waligoma nchi nzima mwaka 2012 mpaka mahakama ikawaamuru warudi darasani, na miaka iliyofuata 2016, ambapo mishahara ilikaa bila nyongeza ya jumla, iliwauma sana. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, furaha ilikuwa ya kweli katika ofisi za walimu. Lakini mtumishi huyohuyo jioni anafuga kuku au anaendesha duka la dawa baridi, na huko anakutana na kodi na tozo kama wengine. Ana vipato viwili na hisia mbili, na mbele ya sanduku la kura anabaki peke yake.

Je, fulana, kanga na fedha za kampeni hununua uaminifu wa maskini?

Hununua siku moja kwa urahisi kuliko zinavyonunua uaminifu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kile kilichoitwa takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakifuta kwa kuona kwamba kinawapendelea wenye fedha na kinakiuka Katiba. Mimi naungana na mahakama. Hata hivyo naomba tuache kuwazungumzia maskini kana kwamba hawana akili. Mama anayepokea kanga Majengo anajua kwamba pengine ndicho kitu pekee atakachokipata kwa miaka mitano, anaichukua, na anapiga kura yake. Zawadi huwa na nguvu pale inapofuatwa na uhusiano wa kudumu: mtu anayelipa ada ya mtoto, anayefika msibani, anayepiga simu hospitalini mgonjwa apokelewe. Uhusiano huo hudumu hata chama kikibadilika.

Monduli ilituonyesha hivyo. Edward Lowassa aliiwakilisha kwa tiketi ya CCM kwa miaka mingi; Julai 2015 alipohamia Chadema kugombea urais, jimbo hilo la wafugaji lilimchagua mbunge wa Chadema katika uchaguzi wa mwaka huohuo. Sera za vyama hivyo kuhusu malisho hazikuwa zimebadilika katika miezi mitatu. Watu walimfuata mtu ambaye mlango wake waliuzoea. Lowassa alirudi CCM mwaka 2019.

Elimu ina nafasi gani?

Humwongezea mtu maswali, na humpa njia nyingine za kuishi endapo majibu yatamgharimu. Ndiyo maana mwenye shahada asiye na ajira, anayekaa kwa shangazi yake Njiro, huwa mkali kuliko mwenye shahada aliyeajiriwa, ingawa wamesoma darasa moja.

Je, matokeo ya chaguzi za karibuni yanaonyesha kwamba matabaka yote yamerudi CCM?

Hayawezi kuonyesha hilo, wala kinyume chake. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 Chadema kilijitoa baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa, na Oktoba 2025 hakikuwamo katika uchaguzi mkuu. Kura hupima mapenzi ya watu pale tu wanapokuwa na wa kumchagua. Anayetaka kujua leo Kaloleni au Njoro wanaegemea wapi asiitegemee asilimia ya karatasi za chaguzi hizo.

Mtu akipanda au kushuka kipato, hubadili chama?

Mara chache, na polepole. Watafiti wa Marekani walionyesha tangu miaka ya 1950 kwamba mapenzi ya chama hurithiwa nyumbani kama dhehebu, na hapa naliona hilo kila Desemba familia zinapopanda mlimani kwa sikukuu. Babu bado ana kadi ya TANU kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya ubatizo, na haiachi ingawa kahawa yake ilimtupa. Mwanawe, mwenye gereji Arusha, alipiga kura yake ya kwanza mwaka 1995 kwa Mrema na hajawahi kuipigia CCM tangu hapo, ingawa leo anatengeneza magari ya halmashauri. Mjukuu hana kadi yoyote. Wanakaa kwenye mkeka mmoja, mbege, pombe ya ndizi, inazunguka, na mabishano yanaanza kabla nyama haijaiva. Binti aliyehitimu ualimu na kusubiri ajira kwa miaka mitatu ndiye anayewauliza wote wawili chama chao kimemfanyia nini.